Bibi Restituta na Swali la Mlangoni

Wanasimulia waliotutangulia katika imani kwamba zamani, katika mji mdogo wa Zuraba, huko Afrika ya Kaskazini, ukingoni mwa jangwa, palikuwa na nyumba ya kutibia wagonjwa iliyoitwa Nyumba ya Rehema. Aliyeijenga alikuwa askofu mmoja mzee, ambaye wakati wa kisa hiki alikwisha kufariki. Bawabu wake alikuwa mjane mcha Mungu, jina lake Restituta, naye alishika ufunguo wa mlango ule kwa miaka ishirini na tisa.

Askofu yule alimwachia agizo moja tu. "Restituta," alimwambia, "mtu akibisha, muulize anaumwa wapi. Jina lake utamuuliza akishaoshwa miguu. Nchi yake na dini yake utamuuliza akishapona, kama bado utakuwa na haja ya kujua."

Mjane akalishika. Mtu akibisha, alivuta komeo, akatega sikio la kushoto kwa sababu la kulia lilikuwa zito, akauliza kwa sauti ya mtu aliye jikoni kwake: "Unaumwa wapi?" Mji mzima ulilizoea swali hilo. Watoto wakicheza mchezo wa waganga na wagonjwa, yule aliyepewa kazi ya mlangoni ilimbidi awe kiziwi wa sikio moja.

Ukaja mwaka mmoja, homa ikaingia Zuraba. Vitanda thelathini vya Nyumba ya Rehema vikajaa, wagonjwa wakalazwa ukumbini, kisha njiani, kisha karibu na komeo lenyewe. Ndipo wakuu wa mji walipokutana kuipangia nyumba ile utaratibu mpya. Aliyesema sana siku hiyo ni Bwana Saturnino, mwenye mashimo ya chumvi kule ziwani. Hakuwa mtu wa kelele. Hakukosa Misa, na sauti yake ilikuwa laini.

"Nyumba inayomfungulia kila mtu," alisema, "mwishowe haitamponya yeyote. Vitanda ni thelathini, ndugu zangu, na haviongezeki kwa huruma. Tuanze na walio wetu."

Tabibu Donato, ambaye kwa siku nne hakuwa amevua viatu, aliinamisha kichwa kukubali. Askofu mpya, Fortunato, alikuwa kijana, na kiti kile alikuwa amekikalia miezi mitatu tu. Alitazama nyuso za wakuu, akatia muhuri. Kanuni ikawa hivi: bawabu aulize kwanza, "Unatoka wapi?" na jibu aliandike daftarini. Asiye wa Zuraba asiingie.

Kila mtu pale barazani alijua ni nani waliokusudiwa, wala hakuna aliyethubutu kuwataja. Walikuwa watu wa milimani, waliochimba chumvi ya Bwana Saturnino mwaka hata mwaka na kulala vibandani nje ya ukuta wa mji. Kuchimba walikuwa wetu. Kuugua wakawa wageni.

Siku ya kwanza Restituta alitii, maana tangu utoto alifundishwa kwamba muhuri wa askofu hauchezewi. Alikuja mwanamume mmoja ameshika tumbo kwa mikono miwili.

"Unatoka wapi?" akamuuliza.

"Ziwani, mama."

Akaandika: Ziwani. Akampa maji katika kikombe cha udongo, akamwambia pole, akafunga. Asubuhi yake wanawake waliokwenda kisimani walimkuta yule mtu ameegemea ukuta, amekufa, na kikombe kipo mapajani pake. Waliomzika walikuja kumuuliza bawabu jina la marehemu. Hakulijua. Kanuni haikutaka jina.

Siku hiyo bibi hakula. Alikuwa mtu mpole, asiyezoea hasira, hata hakujua aiweke wapi. Alifagia ua mara tatu. Alisugua mlango mpaka rangi ikatoka. Alipokwenda kusali, maneno hayakuja, ila swali lile lile likajirudia: unatoka wapi, unatoka wapi.

Siku ya tatu alibisha mwanamke. Aliitwa Tanina, mbeba chumvi, na alikuwa amevuta mguu wake wa kulia kutoka ziwani mpaka mlangoni, umefungwa kwa gunia. Lugha ya mji aliijua kidogo, zaidi kwa yale aliyoamriwa mashimoni: beba, shusha, haraka.

"Unatoka wapi?" akauliza Restituta, akiwa hamtazami usoni.

Tanina alitazama mguu wake. Usaha ulikuwa umelowesha gunia. Kwa akili zake timamu hakuona kitu kingine ambacho mtu wa nyumba ya wagonjwa angeweza kumuuliza. Akajibu kwa adabu, "Unatoka kisiginoni, mama. Tangu juzi unatoka mwingi."

Bibi akabaki ameshika kalamu. Aliyaelewa makosa ya yule mwanamke mara moja, na papo hapo akaona kwamba aliyekosea si yeye. Mtu anaoza mguu mbele ya mlango wa Bwana, naye anaulizwa habari za kijiji. Basi akaandika chini ya swali kama alivyosikia: Kisiginoni. Akavuta komeo.

"Ingia, mwanangu. Shika bega langu. La kushoto, ndilo lenye nguvu."

Tabibu Donato alikikata kile kidonda, akakiosha, akasema mguu utapona ikiwa tu mgonjwa hatakanyaga vumbi wala chumvi kwa siku kumi. Akitolewa kabla ya hapo, alisema, atakufa kama yule wa ukutani.

Aliyekagua daftari alikuwa Shemasi Kwinto, mtu mwema aliyependa utani. Alisoma, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akaacha kucheka.

"Mama Restituta, Jumapili daftari linasomwa mbele ya wakuu. Bwana Saturnino atauliza huko Kisiginoni ni wapi."

"Na aulize."

"Sikiliza, mama yangu. Kule nyuma ya soko la nyuzi kuna ngazi, na chini yake vijumba vitatu ambavyo hakuna aliyewahi kuvipa jina. Sema pale panaitwa Kisiginoni. Nani atabisha?"

"Shemasi, unanifundisha uongo?"

"Nakufundisha kunyamaza. Jibu umeshaliandika. Liache lijitetee lenyewe."

Huo ndio ulikuwa mtihani wa mja yule mwema, na haukuwa mwepesi. Akinyamaza, Tanina angebaki kitandani. Akisema kweli, huenda angetolewa nje aanguke palipoangukia mwenzake. Kwa siku tatu bibi aliligeuza jambo hilo moyoni huku akibadilisha vitambaa vya mguu ule. Lakini kila alipokaribia kuukubali mtaa wa Shemasi Kwinto, alimwona mtu mwingine mlangoni, asiyejua kukosea vizuri kama Tanina, atakayejibu "Ziwani" na kufungiwa. Uongo ungemficha mgonjwa mmoja na kuiacha kanuni imesimama.

Jumapili ikafika. Siku hiyo mjukuu wa Bwana Saturnino alikuwa anabatizwa. Ilikuwa desturi ya kanisa lile kwamba padre humwekea mtoto chembe ya chumvi ulimini, iwe alama ya hekima; na kwa heshima ya umri wake, Restituta ndiye aliyeibeba sahani ya chumvi kutoka mlangoni mpaka mbele ya altare. Aliibeba. Mtoto akakunja uso, watu wakatabasamu. Baada ya baraka, wakuu walibaki kanisani kwa shauri la Nyumba ya Rehema, na waumini wengi wakabaki kusikiliza.

Bwana Saturnino alifungua daftari. "Mama Restituta, mimi nimezaliwa mji huu, na baba yangu vilevile. Naomba unisaidie. Kisiginoni ni wapi?"

Nyuma kabisa mtu mmoja akaguna kwa kicheko. Shemasi Kwinto akayaangalia mawe ya sakafu.

"Ni hapa, bwana," akasema bibi, akainua mguu na kugusa kisigino chake. Waliokuwa wakijizuia wakacheka waziwazi. Yeye hakucheka. "Ndipo usaha ulipokuwa unatoka. Niliuliza kama mlivyoniamuru, akanijibu kama alivyoelewa. Lakini sitajificha nyuma ya neno. Mwanamke huyo anaitwa Tanina, anatoka ziwani, anabeba chumvi yako, nami nilimfungulia nikijua."

Kicheko kikakatika.

"Basi umevunja kanuni," akasema Saturnino, bado kwa upole.

"Nimeivunja. Siku ya kwanza niliitii. Yule aliyekutwa ukutani na kikombe, mimi ndiye niliyemfungia. Ninyi mliandika, ila mkono uliovuta komeo ni huu, na Mungu ataniuliza mimi."

"Hakuna hapa anayependa mtu afe, mama. Nionyeshe kitanda cha thelathini na moja, nami nitanyamaza."

Ndipo Restituta alipoichukua sahani ya ubatizo, ambayo bado ilikuwa na chumvi, akaenda nayo mpaka mbele yake.

"Hii inatoka wapi, bwana?"

Saturnino akaitazama sahani.

"Leo asubuhi nimesimama nayo mlangoni, wala sikuiuliza. Imeingia. Imepita katikati ya watu mpaka mbele ya altare, ikawekwa kwenye ulimi wa mjukuu wako, na wote tukasema amina. Iliyochimbwa na mkono wa mtu wa ziwani inaingia kwa heshima, ila mtu wa ziwani mwenyewe anaachwa nje afe. Mnasema wetu, wetu. Chumvi yake ni yetu, jasho lake ni letu, ila kidonda chake ndicho kigeni?" Akaisogeza sahani karibu naye. "Kitanda cha thelathini na moja sinacho. Ningemlaza chini akafa ameshikwa mkono, na hilo pia mmenikataza."

Akautoa ufunguo mkandani, akaulaza ndani ya sahani, juu ya chumvi. "Tafuteni mwingine wa kuuliza swali lile. Mimi nina aibu nalo."

Mtoto yule mchanga alikuwa bado akijilamba midomo. Wa kwanza kusimama alikuwa tabibu Donato.

"Vitanda ni thelathini kweli," alisema. "Lakini mimi sikukubali kwa ajili ya vitanda. Nilikubali kwa sababu nilitaka kulala. Nayasema haya mbele ya Mungu." Akakaa, akafunika uso.

Ndipo Askofu Fortunato alipoinuka. Aliomba daftari, akaomba na kalamu. Juu ya kila ukurasa lilikuwa limeandikwa swali la kanuni: Unatoka wapi? Hakulifuta. Aliongeza neno moja tu mbele yake, ukurasa kwa ukurasa mpaka wa mwisho, watu wakingoja, kisha akampa Shemasi Kwinto asome.

"Usaha unatoka wapi?" akasoma shemasi, na safari hii alikuwa na machozi yasiyo ya kicheko.

"Na vitanda, Baba Askofu?" akauliza Saturnino.

"Ukumbi wangu wa chakula unaingiza kumi na viwili. Nimekuwa nikiupima kwa akili tangu mama aanze kusema. Nilipaswa kuupima siku ile nilipotia muhuri. Nawe, Bwana Saturnino, wanaoumia katika kazi yako utawajengea mahali kule kule ziwani, pa kuosha kidonda kabla hakijaoza. Usiniletee hilo kama sadaka. Ni haki yao."

Saturnino alimchukua mjukuu wake akatoka. Wanasema hakumsalimia Restituta mwaka mzima. Lakini banda la kuoshea vidonda lilijengwa, na maji ya kisima yakapelekwa huko kwa punda kila Jumatatu na Alhamisi, wala hakuna aliyemsikia bwana huyo akilalamika. Tanina alimaliza siku zake kumi, akamaliza na nyingine kumi, akatembea. Na tangu hapo hata mwenye homa aliyefika Nyumba ya Rehema aliulizwa usaha wake unatoka wapi, kwa vile ndivyo daftari lilivyotaka, na wengi waliingia kitandani wakicheka.

Lakini Jumapili ile ile, Askofu alipokwisha kumrudishia ufunguo, na kabla hajarudi nao mlangoni, Bibi Restituta alikwenda kwa miguu yake hadi kwenye vibanda vya nje ya ukuta. Alipita kibanda kwa kibanda akiuliza habari za mwanamume aliyekuwa akiumwa tumbo. Aliporudi alifungua daftari kwenye ukurasa wa siku ya kwanza, na pale palipoandikwa "Ziwani" akaandika jina: Meziani, mwana wa Gudula, baba wa watoto wawili. Ufunguo ulikuwa bado na chembe za chumvi. Akaufuta kwa nguo yake, akaketi mahali pake.

Wapendwa, wapo hata leo wanaokaa na kupanga nani atibiwe na nani angoje nje, na sauti zao ni laini kama ya Bwana Saturnino. Tusiwachukie, bali tusiwaachie mlango. Afya ya mtu haimjii kwa hisani ya mji wake. Ni haki ya kiumbe aliyeumbwa na Mungu, na anayeibania anambania Mwenyewe aliyeumba. Naye Bwana akija kubisha hodi kwetu katika sura ya mgonjwa, hatatutajia anakotoka. Atangoja tu tumuulize anaumwa wapi.