Kopo la Bi Mize

Hapo zamani, si zamani ya mbali, ni zamani ya juzi tu, simu zimeshafika na meli bado ni shida, palikuwa na visiwa viwili. Kimoja kiliitwa Fukuni, kingine Visimani. Kati yavyo palikuwa na mwendo wa mchana kutwa na usiku kucha, na meli ya abiria ilikuwa moja tu. Meli hiyo ilikuja Jumatatu moja, ikaruka Jumatatu moja. Aliyeikosa alikaa wiki mbili akiitazama bahari.

Fukuni aliishi Bi Time, mjane wa Khatibu. Khatibu alikufa ghafla, siku ile ile mwezi mpya ulipoandama, na Bi Time akaingia eda. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatembei, hasafiri. Bi Time hakulalamika. Alichambua mchele wa jirani, alishona foronya, alisikiliza redio kwa sauti ya chini.

Visimani aliishi mama yake, Bi Mize, mzee asiyetoka tena kitandani. Aliyemtunza ni mwanawe Kombo, mdogo wake Bi Time. Eda ilipofika mwezi wa tatu, Kombo alipiga simu akamshikia mama sikioni.

"Time."

"Labeka, mama."

"Kucha zangu zimekuwa ndefu. Huyu mke wa Kombo ananikata mpaka nyama."

"Mwambie akate pole pole, mama."

"Sitaki. Utanikata wewe. Na nikifa utaniosha wewe. Uliniahidi siku ulipoolewa kwenda huko mbali. Au umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi eda ikiisha usikae kuota jua. Panda meli, uje."

Tangu siku hiyo Bi Time alikuwa na neno moja tu kichwani: afike Visimani mama yake akiwa hai.

Bi Time alikuwa na binti mmoja, Raya, mama wa watoto wawili, mwalimu wa chekechea. Raya ndiye aliyeipanga safari. Alichukua daftari akaandika. Kitambulisho cha mama, akaandika. Tiketi mbili, za chini, katikati ya meli, kwa kuwa mama hutapika bahari ikichafuka kidogo tu, akaandika. Ndimu, mkeka, chupa ya chai, mifuko ya kutapikia, mkasi wa kucha, akaandika. Watoto wataachwa kwa nani, akaandika, akafuta, akaandika tena.

Kisha akaenda ukutani. Pale palikuwa na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, yenye picha ya mabati juu na tarehe chini. Akaweka kidole kwenye siku aliyokufa baba yake, akahesabu miezi minne, akaongeza siku kumi. Kidole kikasimama Alhamisi.

"Meli inaondoka Jumatatu," alisema, "na wewe unatoka eda Alhamisi yake. Tumeikosa kwa siku tatu tu, mama! Itabidi tungoje ile nyingine."

"Una hakika?" aliuliza Bi Time.

"Nimehesabu mara mbili. Tazama, nimeizungushia kalamu nyekundu."

Bi Time alilitazama lile duara jekundu, akanyamaza.

Tiketi zilikatwa kwa jina na kwa kitambulisho, za meli ya pili. Raya akaenda nyumba ya jirani kumwarifu baba yake mkubwa, Shaame, kaka wa marehemu. Shaame alikuwa mtu wa msikitini. Ndiye aliyeandika kila asubuhi, kwa chaki, kwenye ubao wa mlangoni kwake, tarehe ya mwezi mwandamo.

"Baba mkubwa, mama anatoka Alhamisi ya wiki ijayo. Tumekata tiketi za meli ya baada ya hapo."

"Alhamisi?" aliuliza Shaame.

"Alhamisi."

Shaame alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa. "Haya. Mungu awafikishe."

Jumatatu meli ilikuja. Bi Time aliusikia mlio wake akiwa ndani, akipepeta mchele. Ilipiga honi mara mbili, ikaondoka.

Alhamisi ikafika. Bi Time akaoga, akavaa nguo iliyotolewa sandukuni, wanawake wakafukiza ubani. Shaame akaja kusoma dua. Alipomaliza, Raya akamletea kahawa.

"Alhamdulillahi, baba mkubwa. Eda ya mama imekwisha leo."

Shaame akajibu bila kuinua macho kwenye kikombe. "Imekwisha tangu Jumapili."

"Jumapili ipi?"

"Jumapili iliyopita. Leo mwezi umefika kumi na nne. Eda inahesabiwa kwa mwezi wa mbinguni, Raya, si kwa mwezi wa mabati. Nilidhani mmezidisha siku kwa kumheshimu marehemu."

Jumapili eda imekwisha. Jumatatu meli imeondoka. Hata mtoto angeweza kuzipanga siku hizo mbili.

Raya ndiye aliyeruka kwanza. "Mama, ipo boti inayobeba mifuko ya saruji, inaondoka kesho. Haina paa, inakwenda siku mbili, lakini inafika. Nikaseme na nahodha?"

"Mpigie mjomba wako kwanza," alisema Bi Time. "Tujue hali."

Raya akapiga. Simu ikapokewa.

"Mjomba, bibi yuko vipi?"

"Alhamdulillahi. Leo amekunywa uji."

"Tuseme kweli, mjomba. Tupande boti ya saruji, au tungoje meli?"

Kombo akasema. "Boti ya saruji na mama yako anavyotapika? Ameshatoka eda, mpeni nafasi apumue. Msijihangaishe. Njooni na meli."

Basi wakangoja meli. Boti ya saruji iliondoka Ijumaa asubuhi, ikafika Visimani Jumapili. Ilifika salama, mifuko yote mikavu.

Siku zikapita. Jumamosi ya wiki iliyofuata, siku mbili kabla ya meli, Raya alikuwa anakunja mkeka wa safari simu ilipolia. Alisikiliza, akaukunjua mkeka, akakaa juu yake. Bi Mize alikuwa amekufa alfajiri. Waliomwosha ni majirani, akazikwa baada ya adhuhuri.

Jumatatu walipanda meli, kwa tiketi zile zile, pale chini katikati. Shaame naye alipanda, kwenda kutoa mkono wa tanzia. Bi Time hakutapika safari hii. Alikaa na ule mkasi wa kucha mapajani mpaka Visimani.

Walipofika, Kombo aliwapokea gatini. Aliwapeleka nyumbani, akawalisha, akangoja wamalize. Kisha akaleta kopo la bati lenye maua ya buluu, lile alilonawia Bi Mize mikono miaka yote, akaliweka chini katikati yao.

"Dada," alisema, "mama aliacha neno, na nililisikia mimi kwa masikio yangu. Siku ya mwisho aliuliza, 'Meli imekuja?' Nikasema bado. Akasema, 'Time si mtu wa kuchelewa. Kuna mtu amemchelewesha. Huyo aliyemchelewesha ndiye atakayemwagia kaburi langu maji kwa kopo hili, na aseme kwa kinywa chake kuwa ni yeye. Akimwaga mwingine, radhi zangu hamnazo.'"

Hapakuwa na aliyeligusa lile kopo.

Jioni, jua halijashuka, wakaenda makaburini wote wanne. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mwekundu, umeanza kupasuka kwa joto. Kombo alibeba ndoo ya maji, Bi Time akabeba kopo.

Shaame alisema kwanza. "Sisemi kwa kumwonea mtoto. Lakini aliyehesabu ni Raya. Eda haikuanza leo duniani. Kila mjane wa Fukuni amehesabiwa kwa mwezi. Mtu ana baba mkubwa nyumba ya pili, ana ubao wa chaki mlangoni, anakwenda kuiuliza kalenda ya mabati!"

Raya akapangusa machozi, akasema. "Ni kweli nilikosea hesabu. Nilikosea kwa kutojua, na nilipojua nilikuwa tayari kupanda juu ya saruji. Wewe ulijua, baba mkubwa. Nilikuja mpaka mlangoni kwako nikakutajia siku. Ukafuta miwani! Neno moja tu, mama angekuwa melini, angekuwa na bibi siku kumi na moja kabla hajafa. Asiyejua na aliyejua akanyamaza, ni sawa?"

"Ningesemaje?" Shaame akamgeukia. "Nyumba ile ni ya ukoo wetu. Kaka mtu aende kumwambia mjane, 'Toka, siku zako zimekwisha, meli ipo'? Fukuni nzima ingesema Shaame anaitaka nyumba, hata udongo wa kaka yake haujakauka. Nilinyamaza kwa kumhifadhi mama yako. Na nilipojulikana nimenyamaza, boti ilikuwa bado ipo gatini. Aliyewazuia boti si mimi."

Wote wakamtazama Kombo.

"Mimi," alisema Kombo, "nilisema amekunywa uji. Na alikunywa. Vijiko viwili."

"Vijiko viwili, mjomba!" alisema Raya. "Ulisema uji, nikaona bakuli."

"Ulitaka nisemeje? Mjane ametoka kwenye msiba wa mume asubuhi ile ile, nimwambie kwenye simu mama yake naye anakwenda? Habari kama hiyo mtu haambiwi kwa waya, anaambiwa akiwa amekaa, kuna mtu wa kumshika. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, dada, wewe na mimi, na mwenye kaburi hili. Na nilimwogopea bahari. Boti ile ingezama mngesema nini? Halafu, ingekuwa hesabu ni sahihi, au angesema aliyejua, hakungekuwa na boti wala uji wa kuulizana. Mimi nimekuta kosa limeshaiva."

Bi Time alikuwa amesimama na kopo tangu waingie makaburini. Sasa akasema.

"Kwenye chumba changu cha eda kuna dirisha moja. Linatazama paa la choo. Kila mwezi ulipoandama, baada ya ule wa msiba, nikauona juu ya paa. Mara ya kwanza, nikauona. Mara ya pili, nikauona. Mara ya tatu. Mara ya nne. Baada ya hapo nikahesabu siku kumi kwa vidole, zikaishia Jumapili."

"Mama!" alisema Raya.

"Uliponionyesha kalamu nyekundu nikauliza, 'Una hakika?' Nilikuwa na hakika mimi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningekuwa mjane anayehesabu siku za kutoka. Kungekuwa na watu wa kuuliza anaharakia nini. Nikasema moyoni, mwenye kusoma ni Raya. Shemeji yupo, ni mtu wa dini, pakiwa na kosa atasema. Kombo yupo na mama, hali ikiwa mbaya atasema. Nikawaachia nyinyi."

Akainama, akachota maji kwenye ndoo, kopo likajaa mpaka ukingoni.

"Lakini neno la mama halikuwa 'Time alichelewa.' Alisema, 'Kuna mtu amemchelewesha.' Hakunihesabu mimi. Nikimwaga mimi nitakuwa nimelikanusha neno lake la mwisho. Asipomwaga aliye ndiye, radhi hatuna, mimi na Kombo. Na radhi za mama haziombwi mara mbili."

Akalinyoosha kopo mbele. Raya, aliyekosea kwa kutojua, akautazama mkono wa mama yake. Shaame, aliyejua akanyamaza, akavua miwani. Kombo, aliyesema uji na kuficha vijiko, akaangalia chini kwenye mpasuko wa udongo. Na mkono wa Bi Time mwenyewe, uliohesabu siku kumi na kufungwa tena, ulikuwa umeanza kuchoka. Maji yalikuwa yakidondoka ukingoni, tone moja moja, kwenye miguu yake, si kwenye kaburi.

Jua lilikuwa linaingia, na makaburini hawakai baada ya hapo.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, mnaojua kuhesabu na mnaojua kunyamaza: je, nani alistahili kulipokea lile kopo?