Daftari la Tano

Mtu mmoja alikuwa na madaftari matano, na kwake yalikuwa na thamani kubwa kuliko shamba la migomba na ng'ombe zizini. Aliitwa Mzee Senkondo, mtu wa milima ya Upare. Kwa miaka thelathini alipanda na kushuka vilima akiwauliza wakongwe nani alimzaa nani, na nani amelala wapi. Watu walimtania wakimwita karani wa wafu, naye alicheka tu. Kila alipotajiwa jina la marehemu alivua kofia kwanza, ndipo akaandika.

Nakijwa, kitindamimba wake, ndiye aliyekuwa akimbebea mwavuli. Hata alipokuwa mama mtu mzima mwenye mvi, akifumba macho aliipata harufu ya ugoro wa baba yake, akaisikia na sauti yake ikirudia majina taratibu ili asikosee. Jamani, siku zile zilikuwa tamu! Alijua pia kilichomsumbua mzee. Baba mdogo wa Senkondo, Mghanga, alikwenda kukata mkonge akiwa kijana, asirudi. Senkondo aliwatafuta watoto wa Mghanga mpaka akapata habari zao, akaziandika. Alisema ipo siku watarudi, na siku hiyo wasikute mlango umefungwa.

Lakini kila alipoulizwa madaftari yale atamwachia nani, alijibu kwamba wanawe wote wamesoma, watajua wenyewe. Kumtaja mmoja aliona ni kuwavunjia wengine heshima. Basi akameza neno.

Akafa. Matanga yalipoanuliwa, ukoo ulikaa kugawana vitu vya marehemu, kama ilivyo desturi. Koti kwa huyu, redio kwa yule. Watoto watano, madaftari matano. Wazee wakafurahi kwamba hapo hapatakuwa na ugomvi. Nakijwa akaomba yasitenganishwe, kwa kuwa kila moja linalitegemea jingine. Kaka yake, Elinihaki, akamkazia macho.

"Unataka kumrithi baba peke yako?"

Nakijwa akaliacha ombi lake. Nani anataka kuitwa mroho kwenye msiba wa baba yake? Akapokea daftari la pili, Elinihaki akachukua la tano, kila mtu akaenda na lake. Wala hakuna aliyelitupa, msije mkadhani hivyo. Waliyatunza, huyu kabatini, yule chini ya mto, kwa mapenzi kabisa.

Ikapita miaka ishirini. Akaja mzee mmoja mgeni, akasema babu yake aliitwa Mghanga, na kwamba baba yake alimwusia asife kabla ya kuyaona makaburi ya kwao. Wazee wa ukoo wakamtazama kuanzia kofia hadi viatu, wakahofu amekuja kudai shamba. Wakamwambia akina Mghanga ni wengi, alete ushahidi. Lakini Nakijwa alikuwa ameona jambo: mgeni yule, alipolitaja jina la babu yake, alivua kofia. Akaenda kulitoa daftari lake, akafunua kurasa, akaukuta mwandiko wa baba yake: Mghanga, mdogo wake baba. Watoto wake na mahali walipo, tazama daftari la tano.

Elinihaki alikuwa amekwisha kufa, huko mbali, na vitu vyake navyo viligawanywa kwa haki. Nakijwa alipiga simu kwa huyu na yule mpaka jua likachwea. Hakuna aliyejua daftari lile lilimwangukia nani, na bila hilo wazee hawakukubali. Mgeni akamaliza chai yake, akashukuru, akaondoka bila kuonyeshwa kaburi hata moja. Nakijwa akamsindikiza mpaka barabarani akilia waziwazi, maana hakujua kama amuage kama kaka au kama mpita njia.

Aliporudi alimwita binti yake, akaita na majirani wawili wawe mashahidi, akamwekea daftari la pili mikononi. Lilikuwa moja tu, na alikuwa amechelewa.

Senkondo aliwatafuta watu wake miaka thelathini, na neno moja alilolimeza likawafungia mlango. Nawe uliyekusanya ya kwenu, umemkabidhi nani, na ni nani aliyekusikia ukimkabidhi?