Mnanaa wa Bwana Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa bustani mlangoni mwa jiko, ndogo kama mkeka wa mtoto. Inanukia?

Inanukia!

Basi sogeeni.

Bustani hiyo ilikuwa ya Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na miguu myembamba kama njiti. Shamba hakuwa nalo. Alikuwa na kopo, kifuu na chungu kilichopasuka. Kwenye kopo alipanda mrehani, na kila uliporefuka aliudonoa kilele, nao ukatoa matawi mawili. Kwenye kifuu alitia mbegu za giligilani na udongo kiasi. Kwenye chungu, peke yake, aliuweka mnanaa. Wanawe walikula maharage tu kila siku, lakini maharage ya Sange yalinukia mpaka ng'ambo ya kijito.

Ng'ambo ya kijito alikaa Ngiri. Yeye alikuwa na shamba zima la viazi vitamu, na meno yaliyopinda kama mundu. Siku moja harufu ikamfikia. Nuf! Nuf! Akavuka kijito, chubwi, chubwi, akaingia bila hodi.

"We kipua, nini hiki kinanukia?"

"Karibu, bwana mkubwa. Ni majani ya kutia mbogani."

"Majani ya nani?"

"Yangu, bwana."

"Yalikuwa yako. Kuanzia leo ni yangu, na yote yahamie shambani kwangu. Kitu kizuri kitakaaje kwa mnyama asiye na meno ya kukilinda?"

Sange akawatazama wanawe waliojibanza mlangoni. Kukataa hawezi, kukubali hataki. Akaikunja pua, akaikunjua.

"Ni heshima, bwana. Ila giligilani ukiihamisha inanuna. Mrehani ukiusahau unakauka. Anza na mnanaa, huo ni wa wanaoanza. Kijiti kimoja udongoni, basi."

"Unaota haraka?"

"Mpaka utachoka wewe."

"Mimi sichoki!"

"Ila sisi wadogo huufungia chunguni, bwana, kwa sababu ukiachwa huru..."

"Chungu! Mimi ni mnyama wa chungu? Nipandie shamba zima, katikati ya viazi vyangu. Nikimaliza kuuvuna huo, nitakuja kuchukua hivi vingine."

"Ukimaliza, bwana," alisema Sange kwa adabu, "vyote ni vyako."

Akampandia. Vijiti vikashika. Mizizi ikatambaa chini kwa chini, ikazama huku, ikaibuka kule. Mvua zilipokatika, shamba lote lilikuwa mnanaa. Ngiri akatembea humo kifua mbele, akiwaambia swala waliopita, "Kilimo ni kipaji. Wengine tumezaliwa nacho."

Kisha akaona njaa. Sasa, Ngiri viazi vyake huvitafuta kwa pua. Akapiga magoti, kama ngiri wote wanavyokula, akavuta pumzi. Nuf! Mnanaa. Akasogea. Nuf! Mnanaa. Akafukua kwa hasira, akaikata mizizi vipande vipande, na kila kipande kikachipua. Alivyozidi kufukua, mnanaa ulizidi kuota. Harufu ikamchoma macho, akayafumba, akaendelea kufukua. Kiazi kikaruka nyuma yake, puu!

"Nini hicho?"

"Jiwe, bwana," alijibu Sange, ambaye alikuwa amekuja na wanawe na kapu.

"Liondoe!"

"Naliondoa, bwana."

Puu!

"Na hicho?"

"Jiwe, bwana. Pole na kazi."

"Liondoe!"

"Tunaliondoa, bwana."

Puu! Puu! Puu! Kapu likajaa, wakaenda kulimwaga nyumbani, wakarudi.

"Mama," alisema kitinda mimba, "jiwe hili tamu."

"Shii! Usitafune mbele ya mkubwa."

Mwisho Ngiri akainuka. Magoti yamechubuka, tumbo limegusana na mgongo.

"Shamba hili lina laana! Juu mawe, chini mnanaa!"

"Na mnanaa wenyewe haujaisha, bwana. Ukiisha, kuna vile vyangu vya mlangoni..."

"Sitaki! Majani yako yote sitaki hata kuyaona. Nahama. Shamba hili chukua wewe uliyezoea mawe."

"Jamani, bwana, unaniachia mzigo mzito hivyo?"

"Utajijua!"

Ngiri akaondoka mbio, mkia wima kama aliyeshinda.

Funzo lake ni hili, watoto, mlishike sana: mkubwa hakosei. Mheshimuni, mwitikieni, na akilima msimshauri. Mkimwona anafukua huku amefumba macho, msimsumbue kwa maneno. Mwondoleeni mawe.

Ngano nimeitua hapa. Mwenye nguvu aibebe, mwenye akili aifuate kwa nyuma.