Maficho ya Simba Katika Mbuga Iliyoungua

Hapo zamani za kale, Simba alipokuwa na mke wa kumgombeza na Fisi alikuwa mtumishi wao, aliishi katika mbuga moja mnyama mdogo wa jamii ya swala aitwaye Taya. Wengi humwita paa, nao hukosea. Paa hupenda vichaka na misitu. Taya hukaa mbugani, kwenye nyasi, na akiona hatari hupiga mbinja: fyuu.

Taya huyu alikuwa amejifungua, wala hakumwambia mtu. Mtoto wake alikuwa bado hana miguu ya kukimbia. Akamlaza katikati ya nyasi ndefu karibu na kichuguu, akamwambia, "Ukisikia mtu, usiinuke. Ukimsikia karibu zaidi, usipumue sana." Kisha akakaa mbali, ili asimwonyeshe mtu njia.

Kilikuwa kiangazi. Katika mbuga nzima, moto usiozimika ulikuwa jikoni kwa Taya tu. Jirani aliyekosa moto alikwenda kuomba kijinga kwake, na kumnyima mtu moto ilikuwa aibu isiyosahaulika.

Asubuhi moja Simba alifika mlangoni, Fisi akiwa nyuma yake na fyekeo begani.

"Hodi humu ndani."

"Karibu, Mzee Simba. Shikamoo."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Watoto nitawatoa wapi, mzee? Mungu bado hajanijalia."

"Atakujalia. Nipe kijinga cha moto."

"Mnapika nini leo?"

"Tupike nini?" akasema Fisi. "Nyumbani kwetu tunapikiwa maneno tu, na mama mwenye nyumba anayakoleza chumvi."

"Nyamaza wewe," akasema Simba. "Sikiliza, binti. Ng'ambo ya mto nyasi ziliungua. Sasa majani mabichi yameota juu ya majivu, na kongoni, pofu na swala pala wote wamehamia huko. Wanakula kama walioalikwa harusini. Huku kwetu nyasi ni ngumu kama ufagio, nani aje? Nitaichoma mbuga yote, nikae nisubiri wageni."

Taya akamkumbuka mtoto wake. Akimnyima moto, Simba atauliza sababu. Akimpa, mtoto ataungua. Akainama jikoni, akachagua kijinga polepole, akiwa anafikiri.

"Ni wazo zuri, mzee. Na huko ng'ambo ulikamata nani?"

Simba akageuza uso.

"Hata mkia," akasema Fisi.

"Waliniona," akasema Simba. "Ardhi nyeusi, na mimi rangi yangu ndiyo hii. Nilipotokeza tu, wote wakageuza shingo."

"Basi na huku ukichoma yote, utajificha wapi?"

Simba akamtazama Fisi. Fisi akalitazama fyekeo.

"Jiachie mahali," akasema Taya. "Pale kwenye kichuguu nyasi ni ndefu na zimeshikana. Fyekeni ukanda kuzizunguka, moto usivuke. Majani yakiota, wewe utakuwa umelala humo, na chakula kinakuja chenyewe hadi mlangoni."

Simba akakuna shingo. "Hilo nilikuwa nalifikiria mimi mwenyewe."

"Ilionekana usoni mwako, mzee."

Wakaenda hadi kwenye kichuguu. Fisi akaanza kufyeka, fye, fye, fye, huku akinung'unika. Mtoto wa Taya alikuwa ndani ya nyasi zile, kimya. Jua lilipopanda, Fisi akatupa fyekeo na kuinua mguu aingie.

"Nijinyooshe humu kidogo."

Taya alikuwa juu ya kichuguu. Hakubadilisha sauti.

"Jinyooshe, Bwana Fisi. Lakini nyasi kavu ukizilalia hazisimami tena. Siku Mzee Simba atakapoonekana masikio kupitia hapo ulipolala, utamweleza wewe."

Mguu wa Fisi ukabaki hewani. "Hata kuchungulia?"

"Fyeka," akasema Simba.

Ukanda ulipokamilika, Simba akakitupa kijinga nje ya ukanda. Moto ukasema vuu. Panzi wakaruka mbele yake, mwewe wakazunguka juu. Ulikula mbuga hadi mtoni, ukafika kwenye ukanda wa Fisi, ukakosa chakula, ukafa. Nyasi za kichuguuni zilibaki zimesimama peke yazo kati ya weusi, kama mkeka uliosahauliwa sakafuni.

Simba na Fisi walipokwenda zao, Taya alivuka majivu yenye joto. Mtoto alikuwa palepale.

"Mama, sasa nipumue?"

"Pumua."

Mvua ndogo zikaja. Majani yakachipua, na miguu ya mtoto ikapata nguvu. Taya akamtoa humo. Mara tu alipomtoa, Simba na Fisi wakaingia.

Wageni wakafika kweli: kongoni, pofu, swala pala. Simba akajilaza na kungoja. Lakini hakuna aliyesogea karibu na nyasi. Wote walikula wakiwa wameelekeza nyuso upande mmoja.

"Majani ya kule karibu na kichuguu yamestawi zaidi," akasema Kongoni.

"Nenda wewe," akasema Pofu.

"Kwa nini tusiende wote?"

"Ndugu yangu, mbuga nzima haina pa kujificha hata panya, isipokuwa pale. Kama Simba yupo, unadhani yuko wapi?"

Kongoni akaendelea kula alipokuwa.

Ndipo Taya akaja na mtoto wake, wakasimama umbali ambao miguu yao ingetosha kuwaokoa. Akapiga mbinja, fyuu, kisha akaita:

"Shikamoo, Mzee Simba."

Kongoni na wenzake wakainua vichwa.

"Mzee, shikamoo."

Ndani ya nyasi Fisi alinong'ona, "Itikia, mzee. Mtu kutoitikia salamu ni aibu."

"Nimejificha."

"Unajificha nani asikuone?"

Kichwa cha Simba kikainuka taratibu juu ya nyasi. "Marahaba," akasema.

Taya akamsukuma mtoto mbele kidogo. "Nawe msalimie babu."

"Shikamoo, babu."

Simba akamtazama mtoto. "Binti, uliniambia huna mtoto. Huyu alikuwa wapi?"

"Hapo ulipolala, mzee. Tunawashukuru kwa kutufyekea."

Simba akatazama chini. Karibu na mkono wake palikuwa na kishimo kidogo, kilicholainishwa na mwili mdogo. Akainuka, akashika njia ya nyumbani kwa mkewe, Fisi nyuma yake na fyekeo lake. Walipita katikati ya mbuga, mchana, wakionekana na wote. Hakuna aliyekimbia. Waligeuza shingo tu, wakaendelea kula.

Majivu yalipoa na hadithi ikapoa nayo, na funzo lake ni hili: ukiharibu maficho yote ukabakiza lako peke yako, hilo si maficho tena.