Mlango wa Kibanda cha Mlinzi

Duka la mbao lilikuwa nyuma ya gereji, na harufu yake ilikufikia kabla hujaliona: maranda, utomvu, na vumbi lililoruka kutoka kwenye msumeno. Mbao zilirundikwa mpaka uwanja ukawa vichochoro vitupu. Upande wa kulia zilikuwa za manjano, laini, zimenyooka kama rula. Upande wa kushoto zilikuwa za kijivu, zina nyufa ndogo kwenye ncha zake, na kati ya ubao na ubao palipangwa vijiti vyembamba, safu juu ya safu. Ukiinama, uliona hadi upande wa pili.

Wanafunzi wawili wa chuo cha ufundi, waliotumwa na kundi lao, waliingia humo na orodha mkononi. Mtihani wao wa vitendo wa mwaka wa mwisho ulikuwa kumjengea mlinzi wa chuo kibanda cha mbao langoni, chenye mlango mmoja na dirisha moja, kwa wiki tatu. Orodha ilishikwa na kiongozi wa kundi, kijana ambaye wenzake walimwita Injinia, jina alilolipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mtihani huo alikuwa ameshaanguka mwaka uliopita, na chuo hakikumruhusu mtu kuurudia mara mbili. Akianguka tena, angefunga virago na kurudi nyumbani bila cheti. Moyo ulikuwa juu juu, ila usoni alijikaza kisabuni.

Mwenzake alikuwa msichana mfupi aliyeitwa Maswali, na sidhani kama kuna haja ya kueleza kwa nini. Njiani Injinia alimwonya asithubutu kuuliza chochote dukani. Muuzaji akijua kuwa hawajui, alisema, atawapiga changa la macho mchana kweupe.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo mwenye penseli nyuma ya sikio. Aliwakaribisha, akawauliza wanajenga nini. Injinia akamjibu kwa mkato kwamba wao ni mafundi na wanajua wanachokitaka, kisha akaziendea mbao za manjano moja kwa moja. Maswali alikuwa ameduwaa mbele ya vile vijiti. Akafungua kinywa, "Mama, hivi vijiti..." na papo hapo akakanyagwa mguu. Basi wakanunua mbao za manjano za mlango na dirisha, maana za kuta walipewa na chuo, pamoja na misumari, bawaba na gundi. Mbao zilikuwa nzito ajabu, zikawatoa jasho mpaka chuoni, lakini Injinia alishikilia kuwa uzito ni dalili ya ubora.

Kibanda kilikamilika baada ya siku nane, na mlango ulijifunga vizuri mno hata Injinia akawa anapita kuufungua na kuufunga bila sababu. Kisha jua likawaka siku nne mfululizo. Siku ya tano mlango ukagoma. Kona yake ya juu ilikuwa imejikunja kwa nje kama jalada la daftari lililonyeshewa, na dirisha nalo limebetuka. Wakapiga randa, wakahamisha bawaba, wapi! Mtahini alikuwa anakuja baada ya siku sita. Hofu ilimshika Injinia, ile hofu inayomfanya mtu atafune chakula asijue anakula nini.

Hofu akaigeuza hasira. Alirudi dukani, Maswali nyuma yake, akamshutumu yule mama kuwa amewauzia mbao mbovu. Mama alimwacha aseme mpaka akachoka.

"Mbao si mbovu, mwanangu, ni mbichi," akasema. "Zilipasuliwa wiki ile ile. Wenzako hununua hizo kwa kushikilia zege, kisha wanazing'oa. Ubao ambao bado unakauka hautengenezewi mlango."

"Sasa mbona hukutuambia?"

"Niliwauliza mnajenga nini, ukaniambia nyie mafundi. Huyu mwenzako alipotaka kuuliza, ukamkanyaga. Nilikuona."

Injinia alitazama viatu vyake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akapiga moyo konde, na maneno yakamtoka kwa shida kama msumari wenye kutu. "Mama, mimi sijui. Naomba unifundishe."

Mama hakumcheka. Alimwambia kuna marundo mawili yanayotakiwa kugeuzwa. Akiyageuza kwa siku mbili, atapata mbao kavu za kutosha mlango. Za dirisha, hapana.

Siku hizo mbili Injinia alifunguka kama bomba. Akajifunza kuwa vijiti viliwekwa ili upepo upite, la sivyo mbao huota ukungu. Akauliza kwa nini nyufa ziko kwenye ncha, akaambiwa ncha hukauka kwanza. Kwa nini zimefunikwa juu na si pembeni? Kwa nini hili rundo limeelekezwa huku? Kila jibu lilizaa swali, hata Maswali mwenyewe akawa anasubiri zamu.

Mtahini alipofika, aliusukuma mlango kwa kidole kimoja, ukajifunga. Akasukuma dirisha, likakwama katikati. Akamgeukia kiongozi wa kundi. Kisingizio cha mvua kilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Injinia, lakini alikimeza.

"Dirisha ni la mbao mbichi, mwalimu. Nilizinunua kabla sijauliza. Mlango niliutengeneza upya baada ya kuuliza."

"Na sasa ukiingia dukani, utaujuaje ubao mbichi?"

"Nitauweka shavuni. Mbichi una baridi."

"Kwa nini shavuni, na mikono unayo?"

"Mikono ya fundi ina sugu, mwalimu. Baridi ndogo haiisikii."

Mtahini alikagua viganja vyake mwenyewe, kisha akaandika kwa muda mrefu. Dirisha liliwapunguzia alama nyingi, lakini mlango pamoja na majibu yale uliwavusha, na Injinia akapata cheti chake. Mwaka mzima wa kujifanya mjuaji ulimwacha mikono mitupu. Siku mbili za kuuliza zilimfanya fundi. Wahenga walisema kweli: asiyeuliza, hanalo ajifunzalo.