Amira na Hamira

Hapo zamani, si zamani ya majini bali ya juzi juzi tu, palikuwa na mama huko Pangani, Bi Mwanakheri, fundi wa skonzi za kusuka. Alikuwa na binti watatu: Saumu, Mgeni na kitinda mimba Amira. Amira aliolewa na mtu ambaye mama hakumtaka. Mama akamwambia, "Usikanyage hapa mpaka nikuite mwenyewe." Ikapita miaka minne, hakuitwa.

Bi Mwanakheri akaugua, ulimi ukawa mzito. Asubuhi moja Saumu akamwinamia. "Mira," alisema mgonjwa. "Nataka mira."

Hamira! Saumu akafurahi. Kumbe mama ana hamu ya skonzi zake! Akachekecha unga, akatia hamira na iliki, akaukanda kwa tui vuguvugu, akaufunika.

Mama akaita, "Mira."

"Unga bado haujaumuka, mama."

Ukaumuka. Akausuka, misuko mitatu kila skonzi. Mama akaita, "Mira."

"Nazisuka, mama."

Akatia makaa juu na chini. Mama akaita tena, kwa shida.

"Zinaiva, mama, vumilia."

Zikaiva, nzuri ajabu. Saumu akaingia na sinia. Mama alikuwa ameshakata roho.

Kilio kiliposikika, wa kwanza kuingia alikuwa Amira. "Nilikuwa barazani kwa jirani tangu asubuhi," akalia. "Nilijua anaumwa. Lakini ndiye aliyenikataza. Ningeingiaje bila kuitwa?"

Mgeni akajitupa chini. "Alikuita! Nilikuwa nachambua mchele mlangoni, nikasikia sawasawa: Amira. Ila nilikuwa na kinyongo nawe, ulimliza mama. Nikasema moyoni, skonzi ziive kwanza, ndipo niseme."

Saumu alitamani ardhi immeze. "Na mimi niliyemjibu mara tatu," akasema, "mbona sikumuuliza hata mara moja, mama, wasemaje? Nilinogewa na kumpikia."

Skonzi zile zililiwa na waliokuja matangani, tena wakazisifu. Saumu hakuonja. Majuto ni mjukuu, na yeye amemlea mpaka leo.

Haya, msinitazame mimi. Yupo aliyesikia vibaya, yupo aliyesikia vizuri akanyamaza, yupo aliyengoja kuitwa. Na yupo aliyekataza, Mungu amrehemu. Je, nani hasa alimnyima mama yule kumwona mwanawe?