Mjane Aliyekuwa Macho ya Malkia

Hii nimetumiwa na mtu aliyetumiwa na mtu, nami nimeiongezea chumvi kidogo tu. Isome taratibu, kisha mpelekee mwingine. Mimi nimezunguka nchi kumi na mbili, na nikirudi nyumbani husimulia hivi: "Nilienda, nikaona, nikarudi." Mke wangu anasema angemtuma mbuzi angeleta habari zaidi. Labda ndiyo maana kisa hiki kimenikaa moyoni.

Palikuwa na mji uliojengwa juu ya mawingu. Nyumba zake zilielea, zikigusana polepole kama watu wanaosinziliana begani. Malkia wa mji huo, Somoye, alikuwa haoni. Kwa hiyo kila siku mtu mmoja alikaa kando yake na kumwambia yote yanayotokea. Mtu huyo aliitwa Macho ya Malkia.

Aliyekuwa na kazi hiyo alipofariki, Mize akaiomba. Alikuwa mjane, muuza maandazi, mwenye miaka hamsini na maneno machache. Akaambiwa atajaribiwa kwanza, basi akaenda kujifunza maneno kwa Mwalimu Hatibu, ambaye alifundisha vitenzi kwa sentensi za majitu na majoka.

"Andika," mwalimu alimwambia. "Kunyemelea: Jitu liliunyemelea mwezi, likautia mfukoni. Kufurukuta: Mwezi ulifurukuta mfukoni mpaka jitu likacheka. Kububujikwa: Joka lilipokosa wa kucheza naye, lilibubujikwa na machozi."

Majirani walipata la kusema. "Mama Mize, umri huu unasomea majitu? Huo mwezi utauona wapi, kwenye karai la mafuta?"

"Nikiuona nitaukaanga," akawajibu, akaendelea kuandika.

Akawa anakanda unga huku akinong'ona sentensi zake. Ikafika wakati majoka yakampitia hata usingizini, yakipiga mbawa taratibu, bila haraka ya kwenda popote.

Siku ya kujaribiwa kwake ikaangukia siku ambayo Shali, mwana pekee wa malkia, alikuwa anarudi kutoka vitani. Desturi ya mji ilikuwa hivi: mrithi akirudi, hupanda ngazi za mawingu peke yake. Hakuna anayeruhusiwa kumgusa kabla ya malkia, naye malkia humngoja juu, kitini.

"Mwanangu yuko wapi?" Somoye aliuliza.

"Anakuja, Mtukufu," wakajibu wakuu wa baraza.

"Anakujaje?"

"Anakuja vizuri."

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumpa mama habari mbaya. Malkia akatabasamu, akautengeneza mtandio wake.

"Mize, sema na wewe."

Mize akatazama chini, kwenye ngazi. Wakuu walikuwa wamemkodolea macho, na alijua wazi kwamba akisema kweli, kazi ataikosa.

"Anajikokota, mama," akasema. "Anapanda ngazi moja, anapepesuka. Anatweta. Damu inamchuruzika ubavuni, mawingu yameloa. Sasa ameanguka kifudifudi. Midomo inamtetemeka. Nadhani anakuita."

Waziri akakohoa. "Mtukufu, mwanamke huyu amelewa hadithi za majitu."

Lakini malkia alikuwa amekwisha simama.

Tangu mji ule ujengwe, hakuna malkia aliyewahi kushuka ngazi zile kumfuata mtu. Somoye akavua viatu, akaanza kushuka akipapasa kwa vidole vya miguu. Mize alikuwa nyuma yake, akimwambia polepole, "Bado tatu, mama. Bado mbili. Hapo, inama."

Akainama. Akampakata mwanawe kama mtoto mchanga, akamfunga jeraha kwa mtandio wake. Kwa kuwa sasa malkia amekwisha mgusa, waganga nao wakaruhusiwa kukimbilia. Pumzi ya Shali ikatulia kidogo kidogo. Mawingu yakapita chini yao kimya kimya.

Kisha malkia akainua uso kuelekea juu, walikosimama wakuu wake, kila mmoja mahali pake palepale.

"Mna macho ninyi nyote," akasema. "Mwanangu alikuwa anakufa, mkaniambia anakuja."

Funzo: Jifunze maneno ya kutosha kuusema ukweli jinsi ulivyo, na uwe na moyo wa kuyatumia, maana iko siku mtu hatakuwa na macho mengine ila kinywa chako.